Mwani Una Soko Huku Bara

Hotuba kwa viongozi wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa mazao), akina mama wajasiriamali na vijana wa vyuo, Moshi

Mheshimiwa Mwenyekiti, viongozi wa vyama vya msingi, akina mama wenzangu, vijana, itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni.

Najua wapo humu ndani wanaojiuliza mwani unawahusu nini watu wa mlimani. Sisi tuna kahawa, ndizi, maziwa na parachichi. Bahari ni ya watu wa Tanga na Zanzibar. Nimeomba nafasi hii niwaambie kwamba soko ambalo wakulima wa mwani wanalisubiri kutoka ng'ambo, kipande chake kizuri kiko hapa Moshi na Arusha, na sisi wenyewe ndio tunaoweza kulifungua. Hilo ndilo neno langu la leo.

Kwanza tulijue zao lenyewe. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, pwani ya mashariki ya Unguja, vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Wanasayansi wetu walikuwa wameshafungua njia. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akiutafiti mwani tangu miaka ya 1970, wakati wengi waliuona kama takataka za baharini. Leo Tanzania ndiyo inayoongoza Afrika kwa mwani wa kulimwa. Zanzibar peke yake ina wakulima zaidi ya 20,000, na takriban wanane katika kila kumi ni wanawake. Mavuno mengi hutoka Pemba. Upande huu wa Bara mwani unalimwa Mkinga na kwingineko Tanga, Bagamoyo, Mafia, Kilwa, Lindi na Mtwara.

Kazi yake ni nzito. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, mama anaingia baharini, anapigilia vigingi, anatandaza kamba, na kwenye kamba anafunga vipande vya mbegu kimoja kimoja. Wiki sita hivi baadaye anavuna. Anajitwisha mzigo unaochuruzika maji ya chumvi, anauanika, na kilo saba au nane mbichi zinampa kilo moja kavu. Kilo hiyo, ikiwa ni ya aina iitwayo spinosum, ambayo ndiyo inayolimwa na wengi, kwa miaka mingi imenunuliwa kwa chini ya shilingi elfu moja. Aina ya pili, cottonii, bei yake ni nzuri zaidi, mara nyingi maradufu, lakini nayo ina matatizo yake ambayo nitayagusa.

Bei inakuwa ya chini hivyo kwa sababu mwani wetu karibu wote unauzwa ukiwa mkavu tu, haujasindikwa, unapakiwa melini kwenda Ulaya, Marekani na Asia. Wanunuzi ni wachache, na mara nyingi ni walewale waliomkopesha mkulima kamba na mbegu kwa makubaliano kwamba akivuna awauzie wao. Hana mnada, hana madaraja ya ubora, hana bei ya pili ya kulinganisha.

Wazee wa kahawa mliopo hapa mnanielewa. Wakulima wa mlima huu walianzisha chama chao cha kahawa, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 ukaja ushirika wa KNCU, kwa sababu walichoka kupangiwa bei ya jasho lao. Mnada wa kahawa uko katika mji huu huu. Mkulima wa Kibosho au Marangu anajua kwamba kahawa ya daraja la AA ina bei yake na kahawa iliyochafuka ina bei yake, na kwa hiyo ana sababu ya kuchuma matunda mekundu tu na kuikausha vizuri. Mwani haujafika huko. Mwani uliokaushwa juu ya chanja, safi, na mwani uliomwagwa mchangani ukanyeshewa, mara nyingi vinapimwa kwenye mizani moja kwa bei moja. Sasa mama atajisumbua kujenga chanja kwa faida gani?

Ninyi mna kitu ambacho watu wa pwani hawajakipata, nacho ni uzoefu wa karibu miaka mia moja wa kuuza zao kwa madaraja na kwa pamoja. Nimekuja kuuomba uzoefu huo kabla ya kuomba fedha.

Ndani ya mwani mna utomvu unaogandisha, unaitwa karajinani. Cottonii hutoa ule unaoganda ukawa mgumu, spinosum hutoa ule laini unaonesanesa. Ndio unaoifanya dawa ya meno isitengane ndani ya tyubu, aiskrimu isijae chenga za barafu, na kakao isizame chini ya chupa ya maziwa ya chokoleti. Huenda wengi humu mmeshautumia leo kabla ya saa mbili asubuhi.

Vijana wameniuliza kwa nini tusijenge kiwanda cha karajinani hapa hapa, maana maziwa tunayo, kuanzia Nronga na Hai yote mpaka Rombo. Nawapenda kwa kuuliza, lakini tupige hesabu. Maziwa ya chokoleti yanahitaji kama gramu 250 za karajinani kwa tani nzima. Kilo moja inatosha lita 4,000 hivi. Chama kinachosindika lita 1,000 kwa siku kingetumia robo kilo tu, tena endapo maziwa yake yote yangekuwa ya chokoleti. Na kuisafisha karajinani kunataka maji mengi, kemikali, nishati kubwa na tani za mwani zisizokatika mwaka mzima. Kiwanda cha namna hiyo mahali pake ni karibu na bahari. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianzisha kampuni ya mwani, ZASCO, na kuelekeza kiwanda Chamanangwe, Pemba, nami naona hapo ndipo panapostahili. Fedha za wanachama wa Kilimanjaro zisiende kwenye mitambo ya kusafisha karajinani.

Ziende shambani. Hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko pengine pote.

Tazameni Usa River, Tengeru, Siha, Hai, mpaka Lushoto. Kuna maua, maharage machanga ya kupeleka Ulaya, mbegu za mboga, parachichi, kahawa. Ingieni duka la pembejeo hapa mjini au Arusha, mwende kwenye rafu ya mbolea za majani, zile ambazo wakulima wanaziita busta. Mtakuta chupa zilizoandikwa kwamba zimetokana na mwani. Geuzeni chupa msome. Ni mwani wa bahari za baridi, Ascophyllum wa Atlantiki ya kaskazini au Ecklonia wa Afrika Kusini. Nchi inayoongoza Afrika kwa kulima mwani inatoa fedha za kigeni kununua maji ya mwani wa wenzao. Jambo hili linaniuma, na nataka liwaume na ninyi.

Sisemi kwamba mwani wa kila bahari unafanya kazi sawa. Lakini India wameshajaribu kwa mwani wa jamii ileile ya cottonii yetu. Watafiti wa taasisi ya serikali ya chumvi na kemikali za bahari, Bhavnagar, jimbo la Gujarat, walitengeneza njia ya kuusaga mwani ukiwa mbichi, siku ya mavuno, na kuukamua. Maji yanayotoka yanachujwa na kuwa mbolea ya kunyunyizia majani. Makapi yanayobaki yanakaushwa na kupelekwa kutoa karajinani. Mavuno mamoja yanaingia masoko mawili, na mkulima halipwi tena kwa kitu kimoja tu. Maji yale yana potasiamu na vichocheo vya ukuaji, na hunyunyizwa yakiwa yamezimuliwa, sehemu tano hadi kumi katika mia. Katika majaribio ya mahindi, mpunga na mazao mengine mavuno yaliongezeka pale yalipotumika pamoja na mbolea ya kawaida. Nasema pamoja. Atakayewaambia kwamba busta ya mwani inaondoa haja ya samadi au mbolea ya DAP, msimnunulie.

Benki ya Dunia ilitoa ripoti mwaka 2023 kuhusu masoko mapya ya mwani duniani. Ilitaja masoko kumi ambayo kwa pamoja yanaweza kufikia dola za Marekani bilioni 11.8 ifikapo 2030, na vichocheo vya mimea ni miongoni mwa yale ya karibu, yasiyosubiri teknolojia mpya. Mimi sipendi sana makadirio ya mabilioni. Hayajawahi kulipa ada ya mtoto. Ila nimefurahi kwamba soko walilolitaja la karibu ndilo lililotuzunguka hapa.

Kukamua lazima kufanyike pwani, kwa sababu mwani mbichi huharibika upesi, na kusafirisha maji ya bahari kwa lori kupandisha mpaka Moshi ni hasara. Kazi ya huku ni kujaribu, kusajili, kufungasha na kusambaza, na hapo hakuna mkoa wa pwani unaotufikia. Tengeru kuna Taasisi ya Nelson Mandela yenye maabara, na kuna World Vegetable Center wanaojua mboga. Kahawa tuna taasisi ya utafiti wake, TaCRI, pale Lyamungo. Arusha kuna TAHA wenye wakulima wa maua na mboga. Ngaramtoni kuna mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA. Watu hawa wako mwendo wa saa chache kutoka katika ukumbi huu, na wote wanaongea na mkulima yuleyule tunayemtaka. Na kabla ya kuuza hata chupa moja, usajili wa TFRA, mamlaka ya mbolea. Mkulima aliyepoteza msimu kwa busta feki hatawasamehe, na ana haki.

Sasa sabuni, ambayo naijua kwa mikono yangu, kwa sababu ndiyo biashara inayonilisha. Wenzetu wa Zanzibar walitangulia. Tangu mwaka 2006 kuna mpango wa kuwaunganisha wakulima na wasindikaji wa mwani uliosimamiwa na Dk. Flower Msuya, mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, na akina mama wa vijiji kama Kidoti na Paje wakajifunza kusaga unga wa mwani na kutengeneza sabuni zenye mafuta ya nazi, karafuu na mchaichai. Mgeni anayezinunua kule mara nyingi ameshapita hapa. Makumi ya maelfu ya watu wanapanda Mlima Kilimanjaro kila mwaka, na wengi wakishuka wanakwenda kupumzika Zanzibar. Wanalala katika hoteli zetu kabla na baada ya mlima. Angalieni sabuni iliyowekwa bafuni imetengenezwa wapi.

Kila kitu kinaanzia kwenye kiroba. Mimi nikifungua kiroba cha mwani naingiza mkono mpaka chini, kwa kuwa ulio mzuri huwekwa juu. Natoa shina moja nalikunja. Likiwa limekauka vya kutosha kusafirishwa litakunjika bila kulowanisha vidole. Likiacha unyevu, mzigo utavunda njiani. Unga mweupe juu yake si ubaya, ni chumvi inayotoka yenyewe mwani unapokauka. Ubaya ni mchanga, makombe na vile vikamba vya plastiki vya kufungia mbegu, taitai, vilivyosahaulika ndani. Nachukua fungu nalikung'uta juu ya mkeka, kisha naupima mchanga ulioanguka. Ni mchanga niliokuwa niulipie kama mwani.

Baada ya hapo unaoshwa kwa maji baridi, unabadilishiwa maji mpaka ukionja husikii chumvi. Unaanikwa tena juani hadi rangi ya zambarau au ya kijani iondoke na ubaki wa manjano hafifu. Safari hii ukauke mpaka uvunjike kwa vidole. Usipovunjika, usiupeleke mashineni, utajizungushia kwenye kinu na mwenye mashine atakufukuza. Unga ukishatoka laini, uchekeche kwa chekecheo la kitambaa, kwa sababu chenga kubwa ndani ya sabuni zinakwaruza ngozi na mteja harudi tena.

Ofisa ununuzi wa hoteli hajali hadithi ya bahari. Anauliza kama miezi ya Juni hadi Oktoba, wageni wakijaa, utaleta vipande vidogo vya uzito uleule, vimefungwa karatasi safi, kila wiki, kwa risiti ya EFD na alama ya ubora. Kikundi kimoja cha akina mama kumi hakiwezi. Vikundi sita vyenye kipimo kimoja, kalibu moja na kibandiko kimoja vinaweza. Tangu mwaka 2019 vyakula na vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, kwa hiyo mlango ni mmoja, na mjasiriamali mdogo akipata barua ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, anapunguziwa mzigo wa gharama mwanzoni. Nendeni SIDO kabla hamjachapisha vibandiko. Nimeona watu wakichapisha elfu mbili halafu wakaambiwa maelezo hayatoshi.

Kuhusu chakula nitasema kwa kifupi na kwa tahadhari. Unga wa mwani unaingia kwenye uji, jemu, achari, juisi, keki. Huko Marekani na visiwa vya Karibea jeli ya mwani imekuwa mtindo, na sehemu ya mwani wa Zanzibar imeingia katika soko hilo kwa bei ya juu kuliko ile ya karajinani. Tunaweza kuuza pia. Lakini nimeanza kuona humu mjini makopo yanayodai kutibu kisukari, presha na ugumba. Ndugu zangu, tusiifanye biashara hii kwa uongo. Mwani una madini joto, na nyanda za juu hizi wazee wanakumbuka rovu kabla chumvi haijaanza kuwekewa madini hayo. Hata hivyo kiasi chake hutofautiana kwa aina ya mwani, mahali ulipoota na namna ulivyooshwa, na madini joto yakizidi yanaiumiza tezi ileile. Pimeni maabara, andikeni kipimo kwenye kopo, na muuze kama chakula. Mgonjwa aende hospitali.

Wafugaji wa Hai wamesikia kwamba kuna mwani unaopunguza gesi tumboni mwa ng'ombe. Upo, lakini ni Asparagopsis, jamii nyingine kabisa. Spinosum ya Mkinga haitafanya kazi hiyo. Na agari inayotumiwa na maabara za hospitali na wanaozalisha miche ya migomba kwa tishu inatokana na mwani mwingine pia, kama Gracilaria. Huo unaota pwani yetu, ila sio wanaoulima akina mama hawa. Msinunue mzigo kwa kuchanganya majina.

Nirudi kwa cottonii. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekuwa ikifa maeneo mengi ya maji mafupi. Bahari imepata joto, mashina yanageuka meupe na kukatika, na mwani mwingine mdogo unaota juu yake na kuukaba. Katika maji ya kina inastawi vizuri zaidi, na Dk. Msuya na wenzake walijaribu nyavu za mirija badala ya kamba ili mavuno yasiondoke na mawimbi. Lakini maji ya kina yanataka mashua na kujua kuogelea, na akina mama wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea. Mimi naliona hili kuwa jambo la soko kabisa. Tukitoa oda ya cottonii bila kuuliza nani ana mashua, fedha ya bei nzuri itakwenda kwa wanaume wenye mashua, na mama aliyefunga mbegu miaka yote atabaki na spinosum ya bei ya chini. Kwa hiyo bidhaa za huku zianze na spinosum. Sabuni, unga na jeli vinaikubali vizuri. Mbolea ya maji ijaribiwe kwa zote mbili, na mkataba wa cottonii ukija, mashua ya kikundi iwe ndani ya mkataba.

Ninachopendekeza ni AMCOS za hapa zinunue kutoka vikundi vya pwani moja kwa moja, chama kwa chama. Madaraja yawe matatu tu, yanayoweza kuangaliwa kwa macho na mkono: wa chanja usio na mchanga, wa chanja uliochanganyika, na wa mchangani. Bei ya daraja la kwanza itangazwe kabla ya kupanda mbegu, ili mama ajue chanja itamlipa. Malipo yafanyike mzigo unapopimwa kule kijijini, na hatari ya njia kutoka Tanga kupitia Korogwe na Same tuibebe sisi wanunuzi. Chuo Kikuu cha Ushirika kiko hapa mjini. Walimu wake waombwe kuandika mkataba kwa Kiswahili ambacho mama wa Mkinga atasomewa mara moja akaelewa.

Kwenye meza ya nyuma nimeweka viroba vitatu, kila daraja na kiroba chake. Njooni mtie mikono mpaka chini, mkunje, mkung'ute. Wakulima wa maharage machanga walio tayari kutoa robo eka msimu ujao waandike majina kwa katibu. Jaribio litasimamiwa na watafiti, maana bidhaa bado haijasajiliwa: nusu ya eneo itanyunyiziwa maji ya mwani, nusu maji matupu, mbolea ileile kote, na maharage yatapimwa kwenye mizani mbele ya wote. Yasipoongezeka tutasema hadharani hayakuongezeka, na hela ya mtu haitakuwa imeingia.

Nimemaliza, Mheshimiwa Mwenyekiti. Maswali nayapokea, na ningeomba wazee wa kahawa waanze.